Sauti Iliyopukuchuliwa

Jairus Mukhisa wa Misikhu alizaliwa na sikio zuri. Utotoni, babake alipotoka matangani, mamake Lenah alikuwa akimuuliza huku wakimenya viazi vitamu jikoni, "Papa wako amesema nini leo?" Jairus aliweka kisu chini akayarudia maneno kama yalivyosemwa, na pale babake aliponyamaza, naye alinyamaza, shingo ameinua, mikono mgongoni. Lenah alicheka hadi akafuta macho kwa kanga.

"Huyu amezaliwa na mzee ndani yake," alisema.

Mzee Mukhisa alikuwa msemaji wa kumuse. Leo ni lazima kueleza kumuse ni nini, na huko kueleza peke yake ni matanga tosha. Zamani mtoto wa Kibukusu hakuelezwa, kama vile hakuelezwa njaa ni nini. Mzee mwenye wajukuu akifa na kuzikwa, siku chache baadaye watu walikusanyika asubuhi na mapema nyumbani kwake. Waliketi pande mbili wakaacha ujia mrefu katikati. Kisha msemaji alikuja na ngozi yake ya mbega mabegani na fimbo mkononi, akatembea katika ule ujia na kusema. Alisema watu walikotoka, nani alimzaa nani, ni damu gani ilimwagika na jinsi ilivyosuluhishwa. Hakuna aliyethubutu kukatiza mbele yake. Ukikatiza, angeshusha fimbo na kwenda zake, na mzee wenu angebaki bila maneno.

Alisema sentensi mbili au tatu, kisha alinyamaza akatembea hadi mwisho wa ujia, akageuka. Kimya hicho kilikuwa cha watu. Msemaji alikuwa amesema, sasa kila mmoja alikuwa na kazi ya kujisemea moyoni. Alipomaliza, aliondoka bila kuaga, bila kula, bila kutazama nyuma, moja kwa moja hadi kwake.

Na maneno hayo hayakusemwa mahali pasipo na mfu. Hayakusemwa nyumbani, wala kwa mazoezi, wala kwa kumfurahisha mgeni. Aliyetaka kuyajua alikuwa na njia moja tu: kumfuata msemaji matangani miaka na miaka, kumsikiliza, na kumuuliza wakiwa njiani kurudi. Jairus alimfuata babake tangu alipotoka jandoni. Kila mtu alijua kwamba ngozi ile ya mbega ingemwangukia yeye.

Halafu akapata kazi mahali paitwapo Kwanza.

Ilikuwa mwaka wa themanini na nne. Mkulima mmoja mkubwa wa Trans-Nzoia alikuwa na mashine ya kupukuchua mahindi iliyokokotwa na trakta kutoka shamba hadi shamba, na alitaka mtu mwangalifu wa kuilisha. Jairus aliipenda mashine ile. Uliingiza hindi zima upande mmoja, na upande wa pili punje zilitoka safi, magunzi yakarushwa kule, makapi yakapeperuka. Mwenzake kazini, Kimeli, kijana wa Kwanza mwenye mdomo mrefu, alikuwa akimtania.

"Wewe Jairus, hii mashine ikijua kupika tu, utaioa."

"Heri yangu. Wewe hata mashine imekukataa."

"Ai, bana! Si juzi ilitaka kula mkono yangu? Hiyo ni mapenzi."

Wakati wa mavuno Jairus hakuweza kutoka, na wazee hawachagui msimu wa kufa. Mwanzoni alikosa matanga moja, kisha mawili, kisha akaacha kuhesabu. Kila akirudi Misikhu alimwambia babake, "Papa, mwaka huu nikimaliza mahindi nitakufuata." Mzee Mukhisa alijibu, "Njia haijahama." Hakumsukuma. Watu wa zamani hawakumsukuma mtu kwenye kitu alichozaliwa nacho.

Mwaka wa themanini na sita alikuja Daktari Gicheru, mwalimu wa chuo kikuu kutoka Nairobi, mtu mpole aliyevaa miwani minene na viatu visivyofaa matope. Alikuwa na kinasa sauti na mfuko wa kaseti. Alimwomba Mzee Mukhisa amsemee kumuse barazani. Mzee akacheka. "Nani amekufa?" Gicheru alielewa haraka, na hilo lilimpatia heshima. Alisubiri. Alikodi chumba sokoni akakaa hadi mzee mmoja alipofariki Naitiri, akaenda na kinasa chake, akaketi pamoja na watu bila kukatiza ujia.

Siku hiyo ya Naitiri lilitokea jambo ambalo waliokuwepo hawakulisahau. Wakhungu, ndugu mdogo wa Mukhisa, alikuwa hapo, na upande wa pili wa ujia alikuwa jirani yake aliyepigana naye kwa panga kwa sababu ya mpaka wa shamba. Walikuwa hawajasalimiana miaka mingi. Mzee Mukhisa alifika katikati ya ujia akasema: "Tulitoka nchi ya mchanga tukiwa na ng'ombe na hasira. Ng'ombe wakaisha, hasira ikabaki. Aliyekukata ameketi mbele yako, na koo lake limekauka kama lako. Mpe maji." Akanyamaza. Akatembea hadi mwisho, akageuka, akasimama. Hakuendelea. Watu walikaa. Upande wa wanawake, alipoketi Lenah, mtoto alilia akanyonyeshwa. Kisha Wakhungu akanyanyuka, akaenda jikoni, akarudi na kikombe, akazunguka nyuma ya watu wote asikatize ujia, akampa jirani yake maji. Yule bwana akanywa. Hapo ndipo Mzee Mukhisa aliposema sentensi iliyofuata.

Jairus hakuwepo. Alikuwa Kwanza, mahindi yakimsubiri.

Lakini alikuwa nyumbani Gicheru alipokuja kuaga. Gicheru alipiga mfuko wake wa kaseti kwa kiganja na kusema, "Mzee, sasa hata ukienda, hutakwenda. Uko humu." Mzee Mukhisa aliutazama ule mfuko kama mtu anayeonyeshwa kiota cha ndege mgeni. Jairus, kwa upande wake, alihisi ametuliwa gunia kichwani. Kazi iliyokuwa ikimdai miaka yote ilikuwa imefanyika. Maneno yalikuwa yamehifadhiwa. Tangu siku hiyo hakuahidi tena kumfuata babake, na babake hakusema tena kwamba njia haijahama.

Miaka ikapita. Mwaka wa tisini na nne, asubuhi, Mzee Mukhisa alianguka zizini. Walipomwinua, upande wake mmoja ulikuwa umekufa na ulimi umelala. Hospitali ikamrudisha vilevile. Aliyekuwa amewasemea wafu wa nchi nzima sasa alimwonyesha Lenah kwa kidole anapotaka uji.

Mwaka uliofuata Gicheru alirudi, nywele zimeingia mvi. Alikuwa na mradi Bungoma mjini, chumba juu ya duka la dawa, na ndani yake kompyuta zilizoletwa na chuo kimoja cha ng'ambo. Kazi yao ilikuwa kuingiza sauti za zamani ndani ya kompyuta kabla kaseti hazijaoza. Alipopata habari za mzee alisikitika sana, kisha akamtumia Jairus ujumbe afike, kwa kuwa sauti ni ya familia.

Kimeli aliposikia alishika kiuno. "Ati baba yako ameingizwa ndani ya kompyuta? Sasa huko atakula nini?"

"Atakula stima," Jairus akasema, naye akajiona mtu mkubwa.

Ndani ya kile chumba, Gicheru alibonyeza kitu, na sauti ya Mzee Mukhisa ikatoka, nzima, yenye nguvu, kana kwamba ulimi haukulala kamwe. Jairus alishika ukingo wa meza. Kwenye kioo sauti ilichorwa kama milima ya kijani iliyokimbia kutoka kulia kwenda kushoto.

"Hii milima ni maneno yake," Gicheru alisema. "Na si kusikia tu. Tazama. Nikitaka kujua neno 'damu' liko wapi, naiuliza." Akaandika, na sentensi zote zenye damu zikajipanga, moja chini ya nyingine, kutoka kaseti zote. "Unaona? Kila anapotaja damu, maji hayako mbali. Nimemsoma mzee wako miaka tisa na sikujua hilo mpaka mashine iliponionyesha. Watu watakaozaliwa kesho wataweza kuyasoma haya huko ng'ambo na hapa pia."

Furaha yake ilikuwa ya kweli, na haikuwa na kosa. Kosa lilikuja baadaye kidogo, tena halikutoka kwake.

"Na hizi sehemu tambarare?" Jairus aliuliza, akionyesha mistari mirefu isiyo na milima.

"Hapo hakuna anayesema. Kuna kikohozi, ng'ombe, upepo. Hapa kuna moja ndefu sana, sijui kilikuwa nini, siku hiyo nilikuwa nimeinamia kinasa nikidhani kimekwama. Tunaweza kuiacha sauti ilivyo, au kuisafisha yabaki maneno matupu. Wengine wanapenda hivi, wengine vile. Wewe ndiye mwenyewe. Unasemaje?"

Jairus aliutazama ule mstari mrefu. Miaka kumi na moja alikuwa amesimama nyuma ya mashine akitenga punje na magunzi, na fahari yake yote ilikuwa hapo.

"Toa," alisema. "Mahindi hayawekwi ghalani na magunzi."

Wakatoa. Walichukua siku kadhaa, naye alikaa karibu na kijana wa kompyuta akimwonyesha, toa hapa, toa na hapa. Sauti ilipokuwa safi, Gicheru aliitia kwenye kaseti mpya akampa ampelekee mzee.

Jairus aliicheza jioni ileile, redio ameiweka juu ya kigoda karibu na kitanda. Mzee Mukhisa aliposikia sauti yake mwenyewe aliinua kichwa. Vidole vya mkono wake mzima vikaanza kutembea juu ya blanketi, polepole, kama miguu ndani ya ujia. Vilifika ukingoni, vikageuka. Lakini sauti haikuwa imevingoja. Ilikuwa mbele, sentensi ya tano, ya sita. Vidole vikaharakisha, vikajikwaa kwenye mkunjo, vikasimama. Mzee akafungua kinywa, ikatoka sauti ya koo isiyo na umbo. Kisha akageuza uso ukutani.

"Amefurahi mpaka amelemewa," Jairus akasema.

Lenah alikuwa ameketi miguuni pa kitanda. "Hajafurahi," alisema.

"Mayi, si unaona machozi?"

"Nayaona. Nimeishi naye toka nikiwa msichana. Zima hiyo kitu."

Alizima. Hakuuliza zaidi. Na aliyeweza kumjibu hakuwa na ulimi.

Mzee Mukhisa alifariki mwaka wa tisini na saba, mvua za kwanza zikinyesha. Walimzika vizuri, mchungaji akaomba, kwaya ikaimba. Jioni baada ya mazishi Wakhungu alimwita Jairus pembeni mwa zizi.

"Nani atamsemea?" aliuliza.

Lilikuwa swali moja, na nyumba yote ilikuwa imeliogopa. Msemaji wa Naitiri alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Wa upande wa Webuye alikuwa ameokoka, akaapa kanisani kwamba hatavaa ngozi ya mnyama tena. Kwingine walikuwa wameanza kumaliza matanga kwa muziki wa spika na pilau. Mtu aliyewapa wazee wote maneno yao alikuwa karibu kwenda bila hata moja.

"Papa atajisemea mwenyewe," Jairus akasema.

Wakhungu alimgeukia. "Maiti ajisemee? Umelewa wewe?"

"Sauti iko, baba mdogo. Safi kabisa. Ni yeye mwenyewe."

"Mimi nilikufundisha kuchunga ndama, sikukufundisha upumbavu."

"Basi niambie ni nani. Taja mtu mmoja nikamwite sasa hivi."

Wakhungu alifunga lango la zizi. Akaenda zake, na huko kwenda kukachukuliwa kuwa ndiyo.

Jairus alikwenda Bungoma, na Gicheru akaondoa jina la yule mzee wa Naitiri aliyesemewa siku sauti iliponaswa, kwa kuwa haingefaa kumtaja mfu mwingine. Mahali pa jina paliunganishwa pasionekane mshono. Kwa hiyo yale maneno hayakuwa tena ya mtu yeyote.

Asubuhi ya kumuse watu walikuja wengi, kwa kuwa habari ilikuwa imesambaa kwamba Mukhisa atasema. Wazee waliketi pande mbili wakaacha ujia, kwa mazoea. Spika ya kanisa iliwekwa juu ya ghala, ikaunganishwa na betri ya gari. Ngozi ya mbega ilitundikwa mlangoni. Jairus akabonyeza.

"Tulitoka nchi ya mchanga..."

Wanawake walipiga nduru. Mzee mmoja alivua kofia. Kwa muda mfupi, ni kweli, Mukhisa alikuwapo. Kisha sauti ikaendelea. Ikaendelea tu. Watu walitazama ujia, na ujia ulikuwa mtupu. Wakatazama ghala, na ghala lilikuwa ghala. "Mpe maji," sauti ikasema, na kabla neno halijatua lilikuwa limefunikwa na lingine. Wakhungu, aliyekuwa ameinamisha kichwa akingoja, aliinua uso kama mtu aliyepigwa kibao. Mwanamke mmoja aliyebeba sufuria ya chai alikata ujia katikati. Mbwa akamfuata. Watoto wakaona, wakaanza kukimbizana mle. Mukhisa aliye hai angeshusha fimbo. Sauti haikuwa na fimbo. Ikasema na mbwa, ikasema na sufuria, ikafika mwisho. Watu kutoka Kwanza, akiwemo Kimeli, walikuwa bado wanashuka kwenye lori. Maneno ambayo yalikuwa yakianza na umande na kuisha jua likiwa utosini yalikuwa yamekwisha kabla chai haijamiminwa.

Spika ikakoroma.

"Imeisha," mtu akauliza, "ama ni betri?"

"Si mrudishe mwanzo!" mwingine akasema huko nyuma. "Sisi ndio tunafika, bana."

Kuna waliocheka. Kwenye matanga ya Mukhisa, walicheka.

Jairus aliingia kwenye ujia. Hakuchukua ngozi, aliona haya kuigusa. Alitembea hadi katikati, na miguu yake ilikumbuka mwendo. Akasema kwa mdomo wake, "Tulitoka nchi ya mchanga tukiwa na ng'ombe na hasira." Watu wakanyamaza. Mtu mmoja akawashika watoto waliokuwa wakikimbizana. Akasema yaliyofuata, yale aliyokuwa akiyarudia jikoni huku akimenya viazi, na yale ya miaka aliyomfuata babake matangani, na sauti yake ilifanana na ya babake hivi kwamba Lenah alijifunika uso. Akatembea hadi mwisho, akageuka. Akafungua kinywa.

Hakukuwa na kitu. Alikuwa amefika mwaka wa themanini na nne, mwaka wa mashine.

Kwenye kaseti aliyasikia yote, lakini aliyasikia kama mtu anavyosikia mali iliyo ghalani, bila kuyabeba. Alitembea tena hadi mwisho, akageuka. Watu walingoja. Walimngoja kwa heshima kubwa, na heshima hiyo ndiyo iliyomvunja. Alishusha mkono uliokuwa haujashika fimbo, akatoka kwenye ujia bila kuaga, bila kutazama nyuma, kama msemaji anavyotakiwa, akapita langoni hadi barabarani. Msemaji akimaliza huenda kwake. Jairus alisimama barabarani hajui aende wapi, maana alikuwa ametoka kwake.

Kimeli alimfuata, akasimama kando yake. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Mwezi uliofuata, Jairus alikwenda Bungoma pamoja na mamake. Lenah alipanda zile ngazi akipumzika kila hatua chache. Gicheru aliwapa viti.

"Daktari," Jairus alisema, "nirudishie zile sehemu tambarare."

Gicheru alivua miwani. Kaseti za zamani, alieleza, zilikuwa zimeshika ukungu. Ndiyo maana walizikimbiza kwenye kompyuta. Na ile sauti ya kwanza, kabla ya kusafishwa, ilifutwa ili kupisha nyingine, kwa vile nafasi ndani ya mashine ilikuwa ndogo na familia ilikuwa imechagua. Alisema haya taratibu, bila kumtazama.

"Lakini kimya si shida," akaongeza, akitaka kusaidia. "Naweza kukiweka popote. Niambie tu kiwe wapi, na kiwe kirefu kiasi gani."

Akaicheza. Jairus alisikiliza milima ya kijani ikipita, moja imebanana na nyingine. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba irudiwe. Yeye aliyeonyesha toa hapa, toa hapa, hakuweza kuonyesha weka hapa hata mara moja.

"Hapo," Lenah akasema.

"Wapi, mama?" Gicheru akauliza.

"Hapo aliposema mpe maji."

Gicheru alisimamisha sauti. "Kirefu kiasi gani?"

Lenah alifumba macho. "Mtu anakataa moyoni. Mtoto analia, ananyonyeshwa. Yule mtu anakubali. Anainuka, anaenda jikoni, anatafuta kikombe. Anazunguka nyuma ya watu wote, na watu walikuwa wengi. Anafika. Mwenzake anakunywa. Hivyo."

Gicheru hakuandika kitu. Aliweka mkono kwenye mashine akamngoja yeye. Lenah alikaa macho yamefumbwa, midomo ikitikisika kidogo, akimfuata Wakhungu huko Naitiri, kikombe mkononi. Jairus alimtazama mamake, na kwa mara ya kwanza akaona jambo lililotokea siku ambayo yeye alikuwa akilisha mahindi. Chini barabarani watu waliuziana sabuni na sukari.

"Ameshakunywa," Lenah akasema.

Gicheru akapima, akakiweka mahali pake.

"Kuna kingine unachokumbuka, mama?"

Alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa, akaanza kutafuta kanga yake.